Hesabu Mapigo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Baada ya Kukatwa Mfuko wa Chakula

Nimefanya kazi kwenye wodi za upasuaji hapa Dar es Salaam tangu nikiwa msichana. Nimebadilisha dreni za usaha saa nane usiku, nimewakalisha ndugu kwenye benchi na kuwaambia habari ambazo hakuna anayetaka kuzisikia. Simlaumu mtu aliyeamua kupunguza uzito kwa upasuaji. Kisukari kinaua, presha inaua, na upasuaji huu ukifanywa na anayeujua unampa mtu miaka aliyokuwa ameshaikatia tamaa. Ninachokikataa ni kifo kinachonunuliwa kidogo kidogo kwenye duka la dawa: leo sindano, kesho dripu, keshokutwa vidonge vya malaria, huku mshono ndani ya tumbo unavuja.

Elewa kwanza ulichofanyiwa. Katika upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi, daktari anaingia kwa matundu madogo, anaondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Ukingo wote wa ndizi hiyo umebanwa kwa pini ndogo za chuma. Juu kabisa, unapoungana na koo la chakula, ukuta ni mwembamba na damu inafika kwa shida. Mrija huo una mlango juu na mlango chini, na hauna tena nafasi ya kutanuka. Ukimeza, shinikizo linapanda. Pini zikiachia, au nyama ikifa kwa kukosa damu, basi mate, tindikali na kila unachokunywa vinamwagika tumboni. Huko ndiko kuvuja. Kwenye vituo vyenye uzoefu humpata mgonjwa 1 hadi 3 kati ya 100. Mara nyingi hujitokeza ukiwa umesharuhusiwa: siku ya tano, ya saba, ya kumi, wakati mwingine baada ya wiki 6.

Rudia maneno hayo: ukiwa umesharuhusiwa. Yaani uko kwako Bunju au Chamazi, daktari wako yuko mbali, na aliye karibu ni muuza dawa wa mtaani. Nayaandika haya kwa ajili ya siku hizo.


KABLA YA KISU

Fanya: Uliza nani atakufungua tena usiku

Kaa mbele ya daktari umuulize maswali manne. Umeshafanya upasuaji wangu huu mara ngapi? Umewahi kuvujisha, na ulifanyaje? Hapa kuna CT, kuna endoskopi, kuna chumba cha uangalizi maalumu? Nikizidiwa saa nane usiku wa Jumapili, napiga namba gani na nani anapokea? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Anayekasirika amekupa jibu.

Siku hizi si lazima uvuke bahari. Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili nje kidogo ya barabara ya Morogoro, wanahudumia watu wanaopunguza uzito, kwa puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula na kwa kisu. Ukiamua kwenda India au Uturuki, ni haki yako. Ila kabla ya kukata tiketi, tafuta daktari wa upasuaji hapa nyumbani atakayekubali kukupokea ukirudi, na umpe jina na namba za waliokukata. Hujampata? Usisafiri.

Usifanye: Usinunue upasuaji kwa dalali

Dalali wa WhatsApp anakupa bei moja: tiketi, hoteli, upasuaji, siku 7 unarudi. Hesabu mwenyewe. Mshono unavuja siku ya saba, nawe siku ya saba uko juu ya Bahari ya Hindi umekaa kwenye kiti chembamba na damu inaganda miguuni. Ukitua, dalali hapokei simu. Wamarekani, wenye hospitali kila kona, nao walivutwa na bei rahisi wakaenda Tijuana, Mexico. Januari 2019 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kililazimika kutoa onyo baada ya watu kurudi na bakteria sugu kwa dawa karibu zote, wengi wao wakitoka kwenye upasuaji wa kupunguza uzito. Bei rahisi ina mahali inapokatiwa.

Fanya: Acha sigara na shisha wiki kadhaa kabla

Moshi unabana mishipa midogo ya damu. Mshono unapona kwa damu, hauponi kwa kitu kingine. Na sukari yako ishuke kwanza. Sukari ya juu inaozesha vidonda vya mguuni mbele ya macho yako, sasa fikiria kidonda usichokiona.

Usifanye: Usimfiche daktari kitu

Sema kama uliwahi kuwekewa puto, kama uliwahi kupasuliwa tumbo, kama unakunywa mitishamba, kama unatumia predinisoloni au deksamethasoni za dukani. Dawa hizo mbili zinachelewesha kidonda kupona na zinaficha homa. Na aliyewahi kukatwa mfuko wa chakula asiwekewe puto. Mfuko wenye kovu unaweza kutoboka. Aibu yako haina thamani mezani kwa daktari.

Fanya: Mwambie angalau mtu mmoja unayelala naye nyumba moja

Hili nalisema kwa uchungu. Dada mmoja alimuaga kila mtu kwamba anakwenda semina Dodoma. Alikwenda kukatwa. Hakutaka maneno ya mawifi wala ya ofisini. Alirudi, akajifungia chumbani, siku ya nane akaanguka bafuni. Mdogo wake aliyemleta kwetu akasema anavyojua yeye: "Sista, ameanza homa tu, labda malaria." Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kusema. Tulijua tulipomvua nguo na kuona makovu matano madogo tumboni, bado mabichi. Saa ngapi zilikuwa zimepotea? Nyingi mno.

Kwa hiyo andika karatasi. Jina la upasuaji, tarehe, hospitali, namba ya daktari, dawa unazotumia, na mzio wako. Moja kwenye pochi, moja ukutani jikoni. Piga picha karatasi ya ruhusa umtumie huyo mtu mmoja. Mawifi watasema, watachoka.


SIKU 14 ZA KWANZA NYUMBANI

Fanya: Hesabu mapigo ya moyo, asubuhi, jioni na kabla ya kulala

Katika makala hii yote, ukikumbuka jambo moja, liwe hili. Mshono unapovuja, mara nyingi moyo ndio unaotoa taarifa kwanza. Unatangulia homa, unatangulia maumivu makali, unatangulia tumbo kujaa. Tulia dakika 10 umekaa. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Andika kwenye daftari, si kichwani.

Mtu mzima aliyetulia ana mapigo 60 hadi 100. Yakizidi 100, pumzika nusu saa, hesabu tena. Bado yamezidi? Mpigie daktari wako saa hiyohiyo. Yakifika 120 na hayashuki, usimpigie mtu kuomba ushauri. Panda gari, piga simu ukiwa njiani. Sijali kama huna homa. Sijali kama ulikula vizuri mchana.

Kama unatumia atenololi au propranololi kwa ajili ya presha, elewa kwamba dawa hizo zinaushika moyo usikimbie. Kwako 95 inaweza kuwa ndiyo 120 ya mwenzako. Jua mapigo yako ya kawaida kabla ya upasuaji, uyaandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Fanya: Rudi hospitali ukiona hata moja kati ya haya

Maumivu ya bega la kushoto yasiyotokana na kubeba kitu: majimaji yako chini ya kiwambo cha pumzi na mshipa wa fahamu unapeleka maumivu begani. Pumzi fupi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Baridi na kutetemeka. Kwikwi isiyokoma. Kushindwa kumeza hata mate. Mkojo kuwa mdogo na mweusi. Na hofu: mgonjwa anayekuambia "najisikia kama nakufa" aaminiwe. Nimewasikia wengi wakisema hivyo kabla ya kipimo chochote kuonyesha kitu, na wengi walikuwa sahihi.

Usifanye: Usisubiri tumbo liwe gumu

Mnajua wenyewe dalili ya tumbo lililochafuka: gumu kama ubao, halikubali kuguswa. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa dalili hiyo inaweza isiwepo kabisa. Tumbo laini, mgonjwa anaongea, ndani lita ya usaha. Ukilisubiri tumbo likwambie, litakwambia ukiwa umechelewa.

Usifanye: Usiite homa hiyo malaria

Hapa ndipo watu wetu wanapofia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tumezoea. Ukipata homa Mbagala au Manzese, kwanza ni malaria. Kipimo cha haraka kikisema hapana, inakuwa taifodi, na kipimo cha Widal hakikosi kusema ndiyo, kwa sababu kinaweza kuwaka kwa mtu aliyeugua zamani au asiyewahi kuugua kabisa. Taifodi ikishindikana, inakuwa UTI. UTI ikishindikana, vidonda vya tumbo, chukua omeprazo. Kila kituo kinachukua siku moja na shilingi elfu kadhaa. Mgonjwa mmoja wa Mbagala alipitia vyote vinne kwa siku nne. Sindano za seftriaksoni alizochomwa mtaani zilishusha homa kidogo, akadhani amepona, akala. Daftari lake la matibabu lilikuwa limejaa mihuri, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa na idadi ya mapigo. Alipofika kwetu yalikuwa 138.

Antibayotiki peke yake haiponyi mshono unaovuja. Inapunguza homa na kukunyima taarifa, wakati bomba linaendelea kumwaga. Na hata kipimo cha malaria kikiwa na vimelea kweli, hakijaufunga mshono wako. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Tibu malaria ukiwa kitandani hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Ukiingia zahanati yoyote ndani ya miezi 3 ya upasuaji, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimekatwa mfuko wa chakula tarehe fulani." Kabla ya jina, kabla ya umri.

Usifanye: Usipige diklofenaki

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, na vidonge vya mchanganyiko usivyojua ndani kuna nini: vinakwangua ukuta wa mfuko na kuzaa vidonda, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji ule mwingine, wa kuunganisha mfuko na utumbo. Vinaficha na maumivu yanayotaka kukuambia kitu. Parasetamoli inatosha. Isipotosha, maumivu hayo ni ya daktari.


KINYWA

Fanya: Kunywa kwa vijiko, siku nzima

Wiki mbili za kwanza ni majimaji: maji, supu ya samaki iliyochujwa isiwe na mwiba wala pilipili, uji mwepesi uliochujwa, maziwa, mtindi mwepesi. Lenga lita moja na nusu kwa siku, vijiko kwa vijiko, chupa ikae pembeni. Kisha wiki mbili za vilivyosagwa laini, kisha vilaini. Ugali, chapati na nyama vina zamu yao, na zamu hiyo anaitaja aliyekukata.

Usifanye: Usile kwa kuwaonea haya wageni

Jirani atakuja na pilau. Mama mkwe atasema umekwisha, kula mwanangu. Shangazi atakuletea soda eti ikushushe gesi. Soda inatoa gesi, gesi inataka nafasi, na nafasi huna. Tonge moja la ugali siku ya sita linaziba mahali mrija unapopinda. Juu yake shinikizo linapanda, na mahali dhaifu panaachia. Anayekulazimisha hajui. Wewe unajua. Mwambie mtu wako yule mmoja akae mlangoni, apokee vyakula, ashukuru, avipeleke jikoni kwa wenye nafasi.

Usifanye: Usivumilie kutapika

Kutapika mara moja kwa kunywa haraka, sawa. Kutapika siku nzima ni dharura mara mbili. Kwanza, kila tapiko linavuta mshono. Pili, mwili unaishiwa vitamini B1, thiamini, na akiba yake ni ya wiki chache tu.

Ndipo linapokuja kosa la dripu. Mgonjwa amelegea, ndugu wanampeleka kuwekewa "dripu ya nguvu", yaani maji ya sukari. Sukari hiyo inamaliza thiamini iliyobaki, na ubongo unaungua. Macho yanaanza kucheza, anaona vitu viwili viwili, anayumba, anasahau majina ya wanawe. Wengine hawarudi walivyokuwa. Thiamini kwanza, kwenye mshipa, ndipo sukari. Mgonjwa au ndugu, sema maneno hayo kwa sauti kwa yeyote anayeshika chupa: thiamini kwanza.


SAFARI

Fanya: Panga njia kabla ya kuhitaji

Ukiwa mzima, amua: nikizidiwa usiku, gari la nani? Weka fedha ya gari kando na usiiguse. Kama unakaa Kigamboni, usitegemee kivuko peke yake; jua njia ya Daraja la Nyerere. Kama uko Chamazi au Mbagala, jua Barabara ya Kilwa inavyokuwa saa kumi na mbili jioni. Kama unaweza kupanga chumba au kukaa kwa ndugu karibu na hospitali kwa wiki mbili za kwanza, panga. Fedha uliyolipia upasuaji haikukuishia kwa bahati mbaya. Ulipaswa kubakiza ya wiki hizi.

Kama hali ni mbaya na hospitali yako iko mbali, ingia iliyo karibu yenye uwezo: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, au Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni. Watakuwekea maji, oksijeni na antibayotiki ya mshipa, kisha rufaa itembee. Kufika ukiwa na presha inayopimika ni bora kuliko kufika hospitali kubwa ukiwa huna.

Usifanye: Usipande bodaboda wala daladala

Umetoka jasho baridi, presha imeshuka, utaanguka. Na usiende peke yako.


KWA WENZANGU WA ZAHANATI NA MAPOKEZI

Fanya: Mtibu kwanza, uhakikishe baadaye

Mgonjwa aliyekatwa mfuko wa chakula, mapigo 120, ni mshono unaovuja mpaka kipimo kikukatalie. Asile, asinywe. Oksijeni. Mishipa miwili, maji ya kutosha. Antibayotiki pana ndani ya saa ya kwanza, usisubiri majibu ya maabara. Thiamini. Mpira wa mkojo, uhesabu kinachotoka. Halafu simu kwa daktari wa upasuaji, wewe mwenyewe. Barua ya rufaa ifuate mgonjwa, isimtangulie wala isimcheleweshe. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010 ikiwa ya kwanza nchini, na tangu hapo vijana wengi wamefundishwa kazi hii. Sasa ujuzi upo. Tumia.

Kumbuka pia damu iliyoganda mapafuni. Nayo hukimbiza moyo na kukata pumzi. Ukiwaza moja, waza na jingine, uwaambie wapiga picha waangalie kifua na tumbo kwa safari moja.

Usifanye: Usisukume mpira wa puani bila kuona

Najua mkono unakwenda wenyewe: mgonjwa anatapika, weka mpira. Kwa huyu, hapana. Mrija ni mwembamba, mshono uko ukutani, na ncha ya mpira inaweza kuupasua. Mpira huo uwekwe na daktari wa upasuaji, au kwa kuangalia kwa kamera au picha.

Usifanye: Usitulizwe na picha nzuri

CT yenye dawa ya kunywa ni kipimo kizuri, na kinaweza kukosa. Rangi ya bluu ya kumeza inayotokea kwenye dreni inathibitisha. Isipotokea, haijathibitisha kitu. Mgonjwa mbaya mwenye picha nzuri ni mgonjwa mbaya. Daktari arudi ndani kwa matundu aangalie kwa macho. Kutazama bure kunaacha makovu madogo. Kutotazama mnajua kunaacha nini.

Na dreni iliyowekwa isitolewe kwa sababu siku zake zimetimia kwenye karatasi. Kwanza tazama rangi yake.


MSHONO UMESHAVUJA

Fanya: Kubali kwamba ni kazi ya wiki nyingi

Mgonjwa ambaye presha imeanguka anarudi chumba cha upasuaji siku hiyohiyo: anaoshwa tumbo, anawekewa dreni, anawekewa mpira wa kulishia unaoingia utumbo mwembamba chini ya tundu. Ambaye yuko imara anaweza kutolewa usaha kwa sindano inayoongozwa na picha, kisha kwa endoskopi akawekewa stenti inayofunika tundu, au vimirija vyenye ncha zilizojikunja vinavyovuta uchafu kurudi ndani. Stenti hukaa wiki kadhaa. Inaweza kuhama, inachefua, inauma. Kama mrija umebana kule chini unapopinda, panatanuliwa, kwa sababu tundu la juu halifungi wakati njia ya chini imeziba. Fundi bomba yeyote wa Temeke anaijua kanuni hiyo.

Anayepona kwa wiki 6 ana bahati. Miezi 3 si ajabu. Wachache tundu lao linagoma, na baada ya miezi wanafanyiwa upasuaji mwingine mkubwa wa kuunganisha utumbo au kuondoa mfuko wote.

Usifanye: Usimlazimishe daktari "ashone tu"

Ndugu wananiuliza kila mara: tundu lipo, uzi upo, kwa nini hashoni? Kwa sababu baada ya siku za kwanza, nyama ya pale imevimba na kuoza. Uzi unakata kama unavyokata mkate uliolowa. Kushona kwa kulazimisha kunaongeza tundu.

Fanya: Lisha mwili kupitia mpira

Tundu linafungwa kwa protini. Mgonjwa asiyelishwa anapona taratibu au haponi. Jifunze kutumia mpira ule: sukuma maji safi kabla na baada ya kila mlo, ili usizibe, mlo uchujwe, mgonjwa ainuliwe kichwa. Muulize mtaalamu wa lishe kiasi cha protini kwa siku, uandike, ufuate.

Usifanye: Usimpe "kidogo tu"

Kijana mmoja alikuwa anapona vizuri. Dreni ilikuwa imepungua, usaha umegeuka maji safi, sote tulifurahi. Asubuhi moja nikakuta mfuko wa dreni umejaa kitu kizito cheupe. Nikanusa. Uji. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, kitenge amekishika kinywani. "Sista, aliniomba. Mwanangu hajala wiki tatu. Nilimpa vijiko vitatu tu."

Sikumfokea. Ningekuwa mama yake huenda ningefanya hivyohivyo, na ndiyo maana nakuambia mapema: amri ya kutokula kwa mdomo haina kijiko kimoja cha huruma. Ile asubuhi iliturudisha nyuma wiki nyingi. Mlowanishe midomo kwa pamba. Mshike mkono. Mlo wake unapita tumboni, kwenye mpira, na unashibisha.

Usifanye: Usimtoe hospitali akaombewe

Mchungaji au shehe aje wodini. Tunamfungulia mlango, na wengine wetu tunaitikia. Dua haihitaji mgonjwa achomolewe dreni.


MIEZI BAADAYE

Fanya: Kitaje kikohozi chako kwa jina la upasuaji

Kuna kuvuja kunakokaa kimya. Tundu dogo la juu linatengeneza jipu, jipu linatoboa kiwambo cha pumzi, njia inafunguka hadi kwenye pafu la kushoto. Mtu anakonda, na anafurahi kwa kuwa ndicho alichokitaka. Anapata homa za jioni. Anakohoa. Mji huu una kifua kikuu kingi, basi anapimwa makohozi, picha inaonyesha doa kushoto, na wakati mwingine anaanzishiwa dawa za miezi 6 bila kimelea kuonekana.

Pima kifua kikuu, ndiyo, upesi. Lakini fanya na jaribio hili nyumbani: kunywa maji vijiko vitano, ukae. Ukikohoa dakika chache baadaye kila unapokunywa, ukalala upande mmoja ukakohoa zaidi, au ukatema makohozi yenye ladha ya ulichokunywa, rudi kwa waliokukata na uombe CT na endoskopi. Hata kama imepita miaka 2. Chukua na lile daftari la mapigo, kama bado unalo.